Vijiko Viwili vya Uji

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mtazichukua nikimaliza. Nawasikia mkisema mama mwenye virusi vya Ukimwi anazaa mtoto asiye navyo, na mnalisema kama jambo lililokuwepo tangu dunia iumbwe. Halikuwepo. Kuna watu walizunguka majumbani wakauliza, wakaandika, wakarudi wakauliza tena, na waliowajibu ni watu kama mimi niliyeishia darasa la tatu. Mimi mchango wangu ulikuwa ukweli mmoja, na nusura niwanyime.

Mke wa mwanangu wa mwisho alipimwa kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, akakutwa na virusi. Mwanangu naye akapima, naye anavyo. Walikuja kuniambia pamoja, nikiwa uani napepeta mchele. Nikapepeta mpaka ungo ukawa safi, ndipo nikauliza.

"Dawa mmepewa?"

"Tumepewa, mama."

"Mnameza?"

"Tunameza."

"Basi nendeni mkale."

Mimi sijui kulia mbele ya watoto. Lakini tangu siku ile kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: yule aliye tumboni awe salama.

Tunakaa njia ya kwenda Bujora. Mwanangu anakaanga samaki Kigongo na anakuja nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi, mkwe wangu, na wajukuu wawili wa binti yangu wanaosoma shule ya msingi. Kila asubuhi, kabla ya chai, mkwe alizunguka nyuma ya ghala na pindo la kanga limefungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na kidonge. Alikuwa akijificha watoto wasimwone. Nilimwona, nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Mtoto akazaliwa, wa kike, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo. Akaandikiwa dawa ya maji ya kumpa kila siku kwa wiki za mwanzo. Nesi akatuambia, "Titi tu, miezi sita. Kisipite kingine mdomoni zaidi ya hiyo dawa."

"Hata maji?"

"Hata maji, bibi."

"Na joto hili?"

"Na joto hili."

Nikamwangalia. Moyoni nikasema, huyu amezaa wangapi? Mimi nimelea saba, wote walionja uji wiki ya pili, na mmoja wao leo anabeba magunia mawili sokoni bila kuhema.

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja wa utafiti, na kishikwambi chake ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama mtoto yuko ndani."

"Nimekuja kwako wewe, bibi, siyo kwake."

"Unataka damu yangu?"

"Hapana. Nataka maneno yako."

"Hayo ninayo mengi kuliko damu. Kaa."

Akanieleza polepole, na sikumkatisha, jambo ambalo siyo kawaida yangu. Alisema watu wa utafiti waliwafuatilia watoto wengi miaka ya nyuma, wakaona kwamba mtoto anayenyonya kwa mama mwenye virusi, akichanganyiwa na uji au maziwa ya ng'ombe mapema, hatari inaongezeka, maana tumbo lake bado changa na linaweza kuumizwa ndani, virusi vikapata mlango. Hilo walishalijua. Sasa walitaka kujua kama mabibi wakifundishwa na kuweka kumbukumbu wenyewe, nyumba zitafuata.

"Kwa nini mabibi?"

Akacheka kwa woga. "Samahani, bibi. Akina mama wanatuambia wenye kijiko ni ninyi."

Tulikuwa mabibi saba. Walichanganya nyumba zenye virusi na zisizo navyo, ili mtu asikae anahesabu nani anavyo na nani hana. Kila mmoja alipewa kadi yenye picha tatu, titi, kikombe na kijiko, na penseli ya kutia alama kila siku. Siku ya kwanza ya kikao nikawagombeza wawili waliochelewa, basi wakanifanya mwenyekiti.

Mtoto alipofika wiki tatu, mkwe akaenda kliniki kuchukua dawa. Alikamua maziwa yake akaacha kwenye kikombe chenye kifuniko. Mtoto akayamaliza saa nne, na saa tano akaanza kulia. Nikambeba, nikamwimbia, nikamtembeza mpaka kwenye majaruba ya mpunga na kurudi. Analia tu. Jikoni kulikuwa na uji wa ulezi wa wajukuu. Nikachota kijiko kidogo, nikakipuliza, nikampa. Akanyamaza. Nikampa cha pili. Akalala.

Nawaambia kweli, niliona raha. Nikajisemea, si unaona?

Mkwe akarudi, akakaa kwenye kigoda, akamnyonyesha. Nikaona ule mdomo mdogo kwenye titi, yale maneno ya binti wa utafiti yakanirudia yote, neno kwa neno. Nikaenda nikakiosha kile kijiko. Nikakiosha tena. Kisha nikachukua kadi, nikatia alama kwenye titi.

Alhamisi binti akaja. "Bibi, wiki hii mtoto amepewa nini?"

"Titi."

"Peke yake?"

"Nimesema titi."

Akaandika. "Wewe ndiye mfano wetu, bibi. Nawaambia na wenzangu ofisini."

Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi mtu akiwadanganya, si hasara ni yake mwenyewe?"

Akaweka kishikwambi magotini. "Bibi, chukulia mtoto mmoja amepata virusi, na kadi yake inasema titi tu. Sisi tutajua nini? Tutadhani dawa ya mama yake imeshindwa. Halafu kuna mama huko Sengerema anasikia kwamba dawa hazisaidii, anaziacha. Naye ana mtoto."

Nikamfungia matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, akale njiani.

Siku mbili nzima yule mama wa Sengerema alikaa jikoni kwangu. Simjui, sijawahi kumwona, lakini nilikuwa nikikoroga ugali namwona. Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kikao, nikamwita mkwe wangu nikamwambia yote: saa tano, uji wa ulezi, vijiko viwili.

Hakupiga kelele. Alimshika mtoto karibu zaidi, akasema, "Nilijua, mama. Uji ulikuwa kwenye kanga yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje kukuambia wewe?"

Hilo liliniuma kuliko yote. Nikaingia jikoni, nikatoka na kijiko, nikampa mkononi. "Kaa nacho wewe mpaka miezi sita iishe. Nikikuomba, ninyime."

Akakipokea kwa mikono miwili. Nadhani alitaka kucheka, akaogopa.

Kikao chetu kilikuwa kwenye kibaraza cha kanisa. Binti wa utafiti alishapanga kadi zetu mezani, zote zina alama kwenye titi tu, zinapendeza kama sare za shule. Nikasimama. "Mwenyekiti ana neno. Kadi yangu ni ya uongo. Nilimpa mtoto uji, vijiko viwili, nikaficha."

Nikajua sasa uenyekiti umekwisha.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye meno yamebaki manne, akakohoa. "Vijiko viwili ndiyo unasimama? Mimi nilimpa kikombe."

"Wee!" akasema wa pembeni yake. "Na mimi nikidhani niko peke yangu. Mimi ni maji ya sukari. Lakini kidogo."

"Kidogo gani wewe, na mjukuu ana mashavu kama maandazi!"

Wa nne akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi maziwa ya ng'ombe. Ila ng'ombe mwenyewe ni wa mahari ya mama yake, nikaona mtoto ana haki naye."

Pale tukaangua kicheko mpaka katekista wa pale kanisani akatoka kuuliza kuna nini. Wakabaki watatu wanaangaliana, kisha nao wakasema yao. Kadi saba, na ya kweli hata moja hakuna! Binti wa utafiti alikuwa ameshika kichwa.

"Mabibi jamani, kadi zangu!"

"Kadi zako zilikuwa safi sana," akasema yule wa meno manne, "ila tu hazikuwa kweli."

Binti naye akacheka, akacheka mpaka akavua miwani afute macho. Mmoja akaomba kifutio. "Hapana," akasema, "kwetu hatufuti. Tunakata mstari mmoja, tunaandika kilicho sahihi, unaweka dole gumba pembeni. Lile kosa linabaki linaonekana." Basi tukakaa tukarudia kadi zote, siku kwa siku, na tulipotoka pale kila bibi alikuwa na dole la bluu. Tangu siku hiyo kadi zile zilikuwa na vijiko na vikombe hapa na pale, vikipungua wiki kwa wiki, na binti akasema hizo mbaya ndizo nzuri. Mimi wakaniacha kwenye uenyekiti. Sijui kwa nini.

Wiki sita zilipotimia, nesi alimchoma mtoto kisigino, akadondosha matone ya damu kwenye karatasi. Majibu yakaja: hana. Lakini bado ananyonya, kwa hiyo bado tulingoja. Na msije mkasema bibi alitoa uji na mtoto akapona. Daktari alinieleza mbele ya mwanangu: mama yake hakuwahi kuruka dawa hata siku moja, virusi mwilini mwake vimefubazwa, ndiyo kinga kubwa ya mtoto. Vijiko vyangu havikusaidia kitu. Havikuharibu tu.

Miezi sita ilipoisha, mkwe alikuja mwenyewe na kijiko. "Mama, sasa." Nikapika uji wa ulezi mwepesi, nikampa mtoto mbele ya nyumba nzima. Akautema wote kwenye blauzi yangu.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mwaka mmoja na nusu, ameshaachishwa titi. Tulikwenda wote. Mwanangu alitoka Kigongo na sangara wa kukaanga kwenye ndoo, ananukia kliniki nzima. Nesi akafungua faili, akasoma, akainua uso. "Hana. Huyu tumemaliza naye."

Nikapiga vigelegele palepale kwenye korido.

"Bibi, hapa ni kliniki!"

"Ndiyo maana!"

Mtoto akanitazama, akafungua mdomo, naye akapiga vyake. Mkwe wangu alicheka huku analia, na mwanangu akagawa sangara kwa watu wa foleni.

Asubuhi yake tulikaa kunywa chai, mwanangu bado yupo. Nikamwona mkwe anainuka polepole kuelekea nyuma ya ghala, fundo kwenye pindo la kanga. Nikamfuata, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ananiruhusu kuwaambia watoto. Akamwangalia mumewe kwa mbali. Kisha akaniitikia kwa kichwa. Hata haya nayaandika kwa ruhusa yake, ndiyo maana majina sitaji.

Nikawaambia wale wajukuu wawili kidonge kile ni cha nini, na kimemfanyia nini mdogo wao.

Mkubwa akashusha pumzi. "Kumbe ni hicho tu? Sisi tulidhani anaenda kula karanga peke yake."

Tulipomaliza kucheka, nikagonga meza kwa kile kijiko. Nikasema: "Nisikilizeni wote. Kuanzia leo hakuna atakayezunguka ghala. Kopo la dawa litakaa hapa mezani, kando ya sukari, na mtu yeyote asimiminiwe chai kabla mama wa huyu mtoto hajameza."