Wadudu Wekundu Niliowaua Kwenye Pamba ya Mama Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja inayonirudia kila nikikuona na bomba la dawa mgongoni. Nilikuwa nimeolewa Bunda mwaka uleule, binti wa wavuvi wa Murangi, najua dagaa kuliko pamba. Miguu ilishaanza kumsumbua mama mkwe, akanikabidhi shamba lake. Tangu aanze kulima hakuwahi kupeleka fifi sokoni, yaani pamba chafu ya daraja la pili. Yake ilikuwa safi tupu, na sifa hiyo aliijali sana. Sasa ilikuwa mikononi mwangu.

Vitumba vilipokaribia kupasuka, niliona wadudu wekundu majanini. Nilishasikia habari za kangambili, mdudu mwekundu anayetia pamba madoa, nikaingiwa na kiherehere. Zamani ushirika ulileta dawa pamoja na bwana shamba wa kukagua kwanza. Wakati huo ushirika ulikuwa hoi, dawa inauzwa dukani kama sabuni. Nikapiga. Kesho yake asubuhi wekundu wote walikuwa chini, wamekufa, nami nikajiona mkulima.

Baada ya wiki mbili majani yalikuwa yananata. Vidukari, wale wadogo wanaofyonza utomvu, walijaa chini ya kila jani. Mama mkwe akaja na fimbo yake, akaokota mdudu mmoja mkavu mwenye madoa meusi mgongoni.

"Wewe mtoto wa Murangi, hii siyo kangambili. Hawa ndio walikuwaga wanakula hao vidukari. Mimi nilikuwaga nawaacha tu. Sasa nani atawala?"

"Mbona dawa imeua hawa tu, mama?"

Jirani yetu, bwana shamba mstaafu, ndiye aliyenieleza. Kidukari hutulia chini ya jani, bomba halimfikii vizuri. Mlaji wake huzurura jani hadi jani akitafuta mlo, hivyo dawa anaikanyaga kutwa, na mlo wenyewe una sumu. Tena wadudu wengi wanaokula mimea wamezoea ukali wa majani vizazi na vizazi, matumbo yao huweza kuvunja baadhi ya sumu. Mla wadudu hana mazoea hayo. Halafu vidukari wachache wakipona huzaana upesi, ila mlaji hawezi kuongezeka mpaka chakula chake kiongezeke kwanza.

Pamba ilipasukia kwenye unato ule wa vidukari, ikashika ukungu mweusi. Wanunuzi binafsi, waliokuwa wameanza kuja na magari yao, walibeba chochote, safi na fifi gunia moja. Nikamshauri mama tuchanganye. Yeye alikaa mkekani siku nne akichambua mwenyewe, kisha akapeleka gunia la fifi kwa jina lake, watu wakiona. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Basi, mwanangu, kabla ya kupiga dawa geuza jani, utazame nani anamla nani. Ukiwakuta wale wa madoa mgongoni ni wengi, wape siku chache wafanye kazi. Ikikulazimu kupiga, piga palipozidiwa tu, na dawa uiulizie kwa anayeijua, si kwa anayeiuza. Mungu akujalie jicho la kutambua na mkono usio na papara, na makosa yako yasibebwe na jina la mtu mwingine.