Kipande cha Mwezi kwenye Bakuli la Odowa

Majirani wa mtaa wa Woodley walisikia Kavata ni daktari, wakawa wanamletea presha zao. Alipomweleza Mama Rael wa mlango wa pili kwamba udaktari wake ni wa kemia ya mawe ya Mwezi na sayari, mama wa watu akauliza kwa upole, "Na huko ulienda lini, mwanangu?"

Hakuwa ameenda. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya jiji, kwenye maabara ambayo maji huja yakipenda, akiyeyusha mawe kwa asidi ili yaseme yalivyozaliwa. Mawe yenyewe yalitoka vilima vya Ngong. Mwezi aliujua kama wengi wetu tunavyoijua Yerusalemu, kwa kusoma.

Ndipo Mungu akafungua mlango. Wataalamu wa ng'ambo wakamtumia kipande cha jiwe lililoanguka kutoka Mwezini, kidogo kama harage. Kikipotea, hapati kingine. Na kwa kuwa kufuli la maabara lilikuwa bovu, akaona pahali salama ni kwa mama yake. Akakifunga kwa karatasi, akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Salama gani! Mdogo wake Kaindi alikuwa mjamzito, naye alitafuna odowa, yale mawe ya udongo ya kununua soko la Toi, kama wengine wanavyotafuna njugu. Kuona karatasi, akajua ni odowa amewekewa. Akamimina kwa bakuli lake.

"Kaindi! Umekula?"

"Mbili tatu tu, dada. Kwani mawe nayo unaninyima?"

"Huo ni Mwezi!"

"Basi mtoto atatoka msomi."

Kavata akamwaga bakuli mezani. Vipande vyote vilikuwa vimevaa vumbi moja, asijue kipi ni kipi. Kisha akakumbuka kitu wanachofundishwa wanafunzi wageni kabisa: udongo hunata ulimini, jiwe gumu halinati. Akaomba kidogo, akaanza kulamba. Cha kwanza kikanata. Cha pili, vilevile. Alikuwa amelamba nusu ya meza mama yao alipoingia kutoka ibada, Biblia kwapani.

"Asante Yesu! Kavata, hata wewe? Na ulivyotuficha! Baba yake ni nani?"

Wakati huohuo kipande kimoja kilikuwa kimelala juu ya ulimi wa Kavata, hakinati hata kidogo. Angefungua mdomo akimeze? Akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi ya furaha yakimtoka.

"Usilie, mwanangu," mama yao akamwambia, akitafuta namba ya pasta. "Mtoto ni baraka."