Kutu ya Mzee Usiguse

Pale Osafune, kijiji cha wahunzi wa panga huko Japani, Kashihara Yasoji alijulikana kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake: Mzee Usiguse. Na alijitakia mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa fundi wa milango ya karatasi, mpole kupita kiasi, lakini ukisogelea upanga wake tu, basi tena. "Usiguse! Usiupumulie! Mate hayo!" Hata marehemu mkewe alikuwa akifagia chumba kile amejiziba mdomo kwa kitambaa, huku anamcheka.

Upanga wenyewe ulikuwa wa babu wa babu yake, na haukuchongwa jina la mhunzi. Hilo halikumsumbua. Majina ya uongo yamejaa tele kwenye panga za watu. Upanga usio na jina unausoma mwili wake: namna ulivyopinda, ngozi ya chuma chake, na ule mstari wa makali wenye vichwa vichwa kama karafuu, maana kazi za pale kwao ndivyo zilivyo. Kisha unavua mpini na kutazama mkia wa chuma unaozama ndani yake. Mkia huo hausuguliwi kamwe. Kutu yake ikiwa nyeusi, laini, imegandamana na chuma, ujue miaka imepita kweli. Yasoji aliipenda kutu ile, usicheke. Maua ya micheri yakichanua mwaka ule alikusudia kuupeleka upanga kwa waamuzi wa panga kule Tokyo, ajue kabla hajafa kama kweli una miaka mia saba, kama baba yake alivyokuwa akiapa.

Ndipo goti likamlaza hospitali.

Nyumbani alibaki Misuzu, mke wa mwanawe, maana mumewe ni dereva wa treni, leo yupo kesho hayupo. Misuzu alizaliwa Kobe, kwenye nyumba ya watu wenye hamamu, na kwao heshima ya mtu ni kusugua: mabomba, mabeseni, masufuria, mpaka ujione meno. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile na hakujua bado kama baba mkwe anampenda au anamvumilia. Siku aliyompelekea uji wodini, mzee alimshika mkono wa kimono.

"Mwanangu, ukaupake upanga mafuta. Unyevu huu utauharibu. Umeniona ninavyofanya."

"Mimi, baba? Niuguse?"

"Uguse."

Alirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba. Akanawa mikono, akajifunga kitambaa mdomoni, akagonga kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akauvua, akaupaka upanga mafuta ya karafuu vizuri kabisa, wala huwezi kumlaumu. Kisha akauona mkia. Masikini baba, akawaza, macho yake yamechoka, chuma kinaliwa na kutu wala hana habari! Akachukua msasa kwenye kisanduku cha mzee, na siki jikoni. Akasugua hadi vidole vikachubuka, na mkia ukang'aa kama kijiko kipya.

Yasoji aliporudi, mguu umekakamaa, alimkuta ameulaza upanga juu ya kitambaa cheupe, bila mpini.

"Baba, tazama!"

Akatazama. Akatazama tena. Maneno yakamjaa kinywani, yale yale ya miaka yote. Akainua kichwa, akauona uso wa yule binti unavyongoja kusifiwa, na vidole vilivyofungwa plasta. Akayameza yote.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Kaa tunywe chai."

Kisha alitoka akaenda kusimama kwenye banda la mbao, akalia. Ndiyo, mzee mzima, alilia.

Haikupita wiki, zamu ya kupokea kikundi chao cha wasomaji wa panga, wanaokutana kukisia umri wa kila upanga, ikamwangukia yeye. Mkubwa wao alikuwa Bi Inukai, mwalimu mstaafu mwenye ulimi kama pilipili.

"Usiguse, leo tuna ruhusa ya kupumua?"

"Kidogo kidogo."

Upanga ulizungushwa mkono kwa mkono, mkia umefungwa kitambaa kama ilivyo desturi yao, ili mtu ahukumu kwa mwili kwanza. Waliuinamisha kwenye taa. Wakaguna kwa raha.

"Karafuu hizo! Na ukungu ule juu yake, mnauona?" alisema Bi Inukai. "Miaka mia saba, nawaambieni. Haya, fungua mkia tumalize ubishi."

Yasoji akafungua. Mng'aro ukampiga Bi Inukai machoni.

"Nani amefanya unyama huu?"

"Mimi. Nilitaka upendeze mbele ya watu wa Tokyo."

"Wewe! Wewe uliyenikataza kukohoa humu miaka yote hii! Una wazimu? Nani sasa atakubali kwamba haukufuliwa juzi?"

"Uzee, bibie. Nisameheni."

Misuzu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Ndipo alipoelewa alichokifanya, na ndipo alipoelewa na ile chai ya siku ile. Akaweka sinia chini, akapiga magoti, paji la uso juu ya mkeka.

"Si baba. Ni mimi."

"Ananistiri tu huyo," Yasoji alidakia. "Msimsikilize."

Bi Inukai aliwatazama mmoja mmoja, akatazama na zile plasta. Akaufunga mkia kitambaa taratibu. "Chai itapoa," alisema, na hakulitaja tena jambo lile.

Wageni walipoondoka, Misuzu alikuwa bado amepiga magoti pale pale.

"Nirudishe kwetu, baba. Nimekuharibia kitu cha maisha yako."

"Kutu inarudi yenyewe, mwanangu."

"Inarudi lini?"

"Miaka mia tatu. Au mia nne hivi."

"Baba!"

"Basi kaa uisubiri."

Akacheka huku analia, na mzee naye vivyo hivyo. Tokyo hawakwenda. Kila mwezi waliupaka upanga mafuta wote wawili, yeye akigonga kijiti, mzee akishika.

Mizabibu ilipokuwa inavunwa, Misuzu aliona doa la kahawia kwenye mkia, dogo kama tone la chai. Akaita nyumba nzima. Yasoji akavaa miwani, akausogeza mkia kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku, kama afanyavyo mwamuzi.

"Ni halisi," alisema. "Umri wake miezi saba. Kazi ya Misuzu, wa Osafune."