Kikaratasi cha Mama Kwenye Maiki

Jamani, sikieni yaliyonikuta.

Leo saa nne nilikuwa na intavyu ya kazi ya mapokezi, hoteli moja ya Diani, kwa video. Mabwana wawili wanaonihoji nawasikia vizuri. Wao hawanisikii.

Nikaangalia mipangilio: maiki imewashwa. Nikazima laptopu, nikaiwasha tena. Nikajirekodi. Sauti kama ya mtu aliyefunikwa na godoro!

"Dada, upo?"

Jasho likanitoka. Ndipo nikakiona kitundu cha maiki, kando ya kamera. Kimezibwa na kikaratasi cha Ayatul Kursi, ile aya ya Kurani ya kujikinga. Mama alikibandika jana, eti laptopu mpya isipatwe na husuda.

Nikibandue? Bila udhu?

Nikawaandikia, "Samahani, dakika tatu." Nikakimbia uani nikatia udhu, kanzu ikarowa mpaka mgongoni. Nikarudi, nikasema bismillahi, nikakibandua polepole, nikakiweka mezani.

"Haya, sasa tunakusikia."

Nikajibu yote. Wakaniambia nianze kazi Jumatatu! Nikajipigia kigelegele mwenyewe.

Kisha nikageuka nikirudishe kikaratasi.

Mezani hakipo. Feni inazunguka.

Aya ya Mungu iko sakafuni mahali fulani, na mimi nimeshatembea chumba kizima nikiitafuta. Je, kama nimeikanyaga?

Sasa nimepanda juu ya meza, miguu nimeikunja, ndipo ninapoandikia haya.

Mama amerudi kutoka sokoni. Anabisha hodi.

Mlango nimeufunga kwa ndani. Nishuke?