Dungu la Mapaa Matatu

Kalenda ile tuliipata Ifakara mjini, kwenye duka la vipuri vya pawatila, zile trekta ndogo za mkono. Mume wangu alinunua mkanda, mwenye duka akamwongezea kalenda yenye picha ya pagoda: jengo refu la mbao, mapaa yamepandana, kila moja dogo kuliko la chini yake. Mwaka uliisha, kalenda ikabaki ukutani kwa ajili ya picha. Jioni moja mume wangu aliniuliza nani anakaa mle ndani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini siku hiyo nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nikamwambia sijui, akalale.

Msimu uliofuata alijenga dungu la mapaa matatu. Kwetu Katindiuka, mvua zikikaribia, watu huhamia mashambani ng'ambo ya mto na kuishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na ndege wanaovamia mpunga waonekane kwa mbali. Dungu huwa na paa moja la nyasi, na linatosha kabisa. Wakulima wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilinuna, maana nyasi zile zingetosha kuezekea na banda la kuku.

"Nuna tu," aliniambia. "Mvua itachoka kabla haijanifikia mimi."

Masika iliyopita mtumbwi ulipinduka akiwa njiani kwenda huko. Mtumbwi ulionekana, gunia la mbolea lilionekana, yeye hakuonekana. Tulitafuta mpaka mto ukapungua. Mto wa Kilombero una mamba na una magugu, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Matanga yakaanuliwa bila kaburi. Mama mkwe wangu hakukubali. Kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza swali moja: "Nitalia nikielekea wapi?" Shangazi mmoja akashauri tuzike mgomba badala ya mwili, kwamba kuna watu hufanya hivyo. Mama akamjibu kwamba yeye hakuzaa mgomba. Basi akawa analia popote, jikoni, njiani, kisimani, na watu wakaanza kumkwepa.

Ndipo nikakumbuka lile swali la mume wangu, nikalitafutia jibu kwenye simu. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilitaka kumjibu. Nikakuta kwamba ndani ya pagoda hakai mtu. Zilianzia India, zikiwa malundo tu ya udongo na matofali yaliyoitwa stupa, yakiwa yamefukia majivu na mifupa ya Buddha baada ya mwili wake kuchomwa. Juu ya lundo walisimika mwavuli wa heshima, kama ule anaofunikwa nao mfalme. Dini yake ilipotembea na watawa na wafanyabiashara hadi China na Japani, lundo likarefuka likawa mnara, na wengi husema miavuli ile ndiyo iliyogeuka mapaa. Nepal hata Wahindu hujenga mahekalu ya mapaa yaliyopandana, ila ndani ya hayo hukaa sanamu ya mungu. Za Wabuddha, nyingi zina kijisanduku kilichofichwa ndani: kipande cha mfupa, pengine jino.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa amejenga kaburi katikati ya mpunga wetu, na halikuwa na mtu. Nililia kwa hasira, nikaing'oa kalenda ukutani.

Mama alinikuta nayo mkononi. Nikamweleza yote, naye akasikiliza huku anapepeta mchele, mpaka nilipofika kwenye jino. Ungo ukasimama.

"Jino moja tu?"

"Hata moja linatosha, mama."

"Na wakalijengea nyumba yote hiyo?"

Akaweka ungo chini, akatoka. Nikamfuata. Nyuma ya uwanja kuna kifusi cha nyumba yao ya zamani ya udongo na nyasi, iliyoanguka kabla sijaolewa. Sasa ni lundo lililootewa na maboga. Mume wangu alipong'oka jino la kwanza, mama alimnyanyua alirushe juu ya paa la nyumba ile, panya alichukue na kumletea jipya, kama watoto wote wa hapa. Paa lilianguka na kila kilichokuwa juu yake.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshapanga matofali pembeni. Alitaka kusawazisha pale ajenge vyumba vya kupangisha. Kesho yake alikuja na sepetu, akamkuta mama ameketi juu ya lundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kajenge kwingine."

"Mama, hiki si kifusi tu?"

"Kaka yako yumo."

Shemeji alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Aliondoka na sepetu lake, na matofali yake bado yapo pale, yameota ukoka.

Dungu halikuezekwa tena, nimesikia limebaki nguzo. Mama ameacha kulia jikoni na kisimani. Hulia pale tu, kila jioni. Mvua za mwaka huu zilipoanza nilidhani atapumzika, lakini nilichungulia dirishani nikamwona palepale analowa. Nikachukua mwavuli, nikakimbia kumshikia. Akanishika mkono, akausukuma taratibu mpaka mwavuli ukawa juu ya lundo, sisi wawili tukabaki nje.

"Mfunike yeye," akasema. "Maji yamemtosha."