Mtungi wa Susu na Siku ya Meli

Nimeulizwa mara nyingi, kanisani na hata sokoni hapa mjini Wote, ni familia gani inayobeba maji ya kunywa kwenda Mombasa. Ni yetu. Nitaeleza ilivyokuwa, lakini mnivumilie kidogo, maana habari yenyewe inaanzia kwa mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu wa historia. Wanaume wengine likizo ikifika hutafuta mbuzi wa kununua. Wangu hutafuta ukuta ulioanguka. Ametupeleka Gede tukaona magofu. Ametupeleka kuona makaburi ya wamishonari. Tumepanda mlima, mimi na viatu vya kanisani, kwenda kuona jiwe ambalo, kwa maelezo yake, zamani lilikuwa na jiwe jingine juu yake. Watoto wetu walipokuwa wadogo walifurahi. Lakini kufikia mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, Mwende alikuwa kidato cha tatu na Kioko kidato cha kwanza, na uvumilivu wao ulikuwa umekwisha.

Mwezi wa nane, simu ililia pale shuleni kwa Mwalimu. Alikuwa Kyalo, kaka yangu, mpishi katika meli ya watalii. Mama alimzaa njiani akitoka sokoni, ndiyo maana akaitwa Kyalo, yaani safari, na mpaka leo mama hujilaumu kidogo kwa jina hilo. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu Kioko akiwa ananyonya. Kila mwaka alisema atakuja, na kila mwaka ikaja picha: Kyalo na mnara, Kyalo na ngamia, Kyalo na theluji. Sasa alisema meli yao ingefika Mombasa kwa siku moja tu, naye angepata ruhusa kuanzia saa saba mchana hadi jioni. Tumngoje kwenye lango la bandari.

Habari ilipomfikia mama kule Ikutha, alijibu kwa maneno machache. "Picha haili," alisema. "Nataka kumwona mwanangu akitafuna." Lakini mimi namjua mama yangu. Alikuwa anaogopa kwamba Kyalo amesahau njia ya kwao.

Hapo mezani petu Wote, usiku wa kupanga safari, Mwalimu alitoa ratiba. Ilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba iliandikwa: ngome ya Wareno.

Kioko aliweka kijiko chini. "Baba, mawe tena?"

"Si mawe. Ni historia."

"Historia ni ya shule. Hii ni holiday."

"Mimi sitaingia," alisema Mwende. "Nitakaa tu hapo nje, hata mvua inyeshe."

"Mvua!" Mwalimu alicheka. "Mwezi wa nane!"

Nikaona niamue kabla chakula hakijapoa. Anayetaka kuingia ataingia, asiyetaka atakaa nje, na hakuna kununa. Mwalimu alikubali haraka, kwa sababu aliamini watoto wakiuona mlango wa ile ngome watabadili nia. Mtu akipenda kitu, hudhani wengine hawajakiona vizuri.

Ikutha tulifika jioni, tukamkuta mama yuko tayari tangu juzi. Alikuwa na kitambaa kipya cha kichwa, kiondo kilichofungwa kwa kamba, na mtungi wa plastiki wa manjano uliojaa maji, umezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Mama, huo mtungi ni wa nini?"

"Nimeambiwa maji ya huko ni ya chumvi."

"Ile ni bahari. Nyumba zina mifereji."

"Mfereji!" alisema mama. "Umeona yanakotoka? Haya nimeyachimba mwenyewe."

Kweli alikuwa ameteremka mtoni alfajiri, akafukua mchanga kwa kibuyu mpaka maji yakatoka, akayaacha yatulie, ndipo akachota. Kwetu huwezi kubishana na mwanamke kuhusu maji aliyoyachimba kwa mikono yake. Mwalimu alijaribu kusema kwamba mzigo utatuchelewesha. Mama alimwangalia Kioko kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Na haya mabega mlikuwa mnayalisha ya nini?"

Asubuhi tulipata lori la mfanyabiashara wa mifugo likielekea Kibwezi. Mama alikaa mbele na dereva, na sisi nyuma na mbuzi. Mwende, ambaye alikuwa amechana nywele kwa saa nzima, hakusema neno mpaka tulipovuka daraja la Athi, na neno lenyewe halikuwa zuri.

Kibwezi tulipanda basi. Kondakta alitaka mtungi upande juu na magunia ya ndengu. Mama alimkatalia kwa Kikamba, na yule kijana alikuwa Mkamba, kwa hiyo aliposikia sauti ya mama mzee hakubisha, akauweka mwenyewe chini ya miguu yake mama. Kuanzia hapo hadi Mtito Andei Mwalimu alitueleza habari za reli na simba. Mwende alijifanya amelala. Kioko alilala kabisa, mdomo wazi.

Jioni, huko Changamwe, Mombasa, kwa binamu yake Mwalimu, tulipokewa vizuri. Mke wa binamu alimshika mama mkono akampeleka mpaka kwenye mfereji, akaufungua kwa fahari. "Mama, maji si haya? Kunywa tu." Mama alikinga kiganja, akaonja, akafikiri.

"Yametembea sana," alisema. "Yamechoka." Mwenyeji wetu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa mbele ya ngome. Mwalimu alisimama mlangoni, akatandaza mikono. Watoto waliutazama ule ukuta mkubwa, wakanitazama mimi. Nikawakumbusha wote makubaliano. Mwalimu akaingia peke yake, akigeuka nyuma kila hatua, na kusema kweli nilimhurumia. Mimi ningemfuata, lakini viatu vilikuwa vimenichubua.

Tulikaa kwenye benchi la saruji karibu na pale mabasi yanapoegesha: mama, mimi, watoto wawili wenye nyuso ndefu, na mtungi wa manjano. Kioko aliusukuma mbali kidogo ili usionekane ni wetu. Mama akauvuta karibu.

Kabla ya saa tano yalikuja mabasi ya watalii kutoka kwenye meli. Wazungu wakashuka na kofia zao. Kijana mmoja wa umri wa Kioko, nywele zimemfunika macho, alishuka wa mwisho, akautazama ukuta, akatazama mbinguni, kisha akarudi kukaa kwenye ngazi ya basi. Mama yake alimsemesha kwa sauti ile ya chini ya kina mama mbele za watu. Akakataa kwa kichwa. Mama yake akaingia bila yeye.

"Na huyo naye amechoka na mawe?" mama aliuliza.

"Ndio, Susu," alisema Kioko, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi, na kwa mara ya kwanza tangu Wote nilimwona akitabasamu. "Huyo ako na baba kama wetu."

Nyuma ya mabasi ilikuja pikapu imejaa makasha ya chakula. Mtu mnene aliyevaa nguo nyeupe za mpishi alianza kuyashusha, mgongo wake umetuelekea. Alipogeuka, macho yake yaliangukia mtungi. Akaangalia lile gunzi. Akacheka, akasema kwa Kikamba, kama mtu anayejisemea, "Ni nani huyu amebeba maji ya mchanga mpaka baharini? Hakuna watu wa kufanya hivyo ila kwetu!"

Mama aliinua uso.

"Mwaitu!" alisema yule mtu. Yaani mama yangu, kwa Kikamba. Kasha likamponyoka. Machungwa yakabingirika hadi chini ya mabasi, na Kioko na yule kijana wa kizungu wakaingia uvunguni kuyafuata, kila mmoja kwa upande wake.

Mimi nililia, sitaficha. Mama hakulia. Alimshika Kyalo mashavu kwa mikono miwili, akampapasa kama anayekagua boga, akasema, "Umenenepa na chakula cha watu."

Hapo ndipo Kyalo alipotueleza yaliyompata. Mpishi mwenzake alikuwa ameugua, na ruhusa ya Kyalo ilikuwa imefutwa asubuhi ile. Ameletwa kushusha chakula cha watalii, akimaliza anarudishwa jikoni, na meli inaondoka jioni. Langoni asingefika. Alikuwa ametafuta mtu wa kutuletea habari, hakumpata. Tungesimama pale bandarini mpaka giza, mama na mtungi wake.

Nilimtuma Mwende ndani mbio akamwite baba yake. Mama, bila kupoteza wakati, alifungua kiondo, akatoa kopo la muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa kwa kunde, umepoa kabisa. Kyalo, mtu anayepikia wageni vyakula ambavyo mimi hata majina sijui, alichuchumaa kwenye vumbi na nguo zake nyeupe akala kwa mkono. Mama alimtazama akitafuna. Hakupepesa macho mpaka kopo likaisha.

Kisha akang'oa gunzi, akammiminia maji kwenye kikombe cha bati. Kyalo alikunywa polepole, macho amefumba. Alipofumbua, yalikuwa na machozi.

"Ya pale chini ya boma," alisema.

"Si unayajua."

Akanyoosha kikombe tena. Mama alikichukua, akakifuta kwa ncha ya leso, akakirudisha kwenye kiondo. Halafu akachukua gunzi, akaziba mtungi, akaligonga kwa kiganja likakaza.

"Mwaitu, niongeze."

"Mengine yako nyumbani," alisema mama. "Kiu ikikushika, njia unaijua."

Kyalo alicheka, akidhani ni utani. Akamtazama mama, akaacha kucheka. Mtungi ulikuwa umejaa, umetoka Ikutha kwa lori na basi na mabega ya Kioko, na mama alikuwa ameuwekea mkono juu. Sikuwahi kumwona mama yangu akimnyima mtu maji, hata mgeni, hata mtu aliyemkosea. Hata Kioko alisimama na machungwa mikononi asijue pa kuangalia.

"Nikimaliza mkataba," Kyalo alianza.

"Sijauliza," alisema mama.

Dereva wa pikapu, aliyekuwa amemalizia kushusha makasha, akapiga filimbi. Ndipo Mwalimu alipotokea mlangoni, Mwende akimvuta mkono, na nyuma yao Wazungu wanne. Mwende alikuwa amemkuta akiwaeleza mizinga ilivyopangwa, nao wakamwacha kiongozi wao wakamfuata yeye, wakidhani ndiye mwenye ngome. Alipata nafasi ya kumshika shemeji yake mkono, basi. Pikapu ikaondoka. Kyalo alikaa nyuma peke yake, akitutazama mpaka kona.

Safari ya kurudi ilianza kesho yake, na mtungi ukiwa vile vile. Kioko aliomba maji yamwagwe, au angalau yanywewe. Mama alikataa yote mawili. "Umekwisha kumwonyesha, Susu, sasa tunayabeba ya nini?" Mama akasema hayo si ya kumwagwa njiani, na Kioko akaelewa, kwa sababu kutoka Kibwezi hadi Ikutha aliubeba bila kuambiwa, na lori lilipotikisika aliupakata.

Ndani ya basi kulikuwa na mjadala. Mwalimu alisema ni dhahiri kwamba magofu ndiyo yaliyotukutanisha na Kyalo. Bila ratiba yake tungekuwa langoni. Mwende alisema ni kukataa magofu ndiko kulikotukutanisha. Wangeingia wote, Anko Kyalo angeshusha makasha yake akaenda zake. Walibishana hadi Voi. Wote wawili walikuwa na haki, na nimejifunza kwamba katika nyumba yenye vijana hilo ni jambo la kawaida: mzazi hupanga siku, watoto huiharibu, na kati ya mpango na uharibifu Mungu hupata pa kupitia. Ila sikusema hivyo kwa sauti. Mwalimu angeiandika kwenye ratiba ijayo.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa zimeanza, tulikuwa Ikutha kusaidia kupanda. Jua likiwa bado juu, Kioko alisema kuna mtu anakuja kwa miguu kutoka barabarani, mnene, amebeba begi kichwani kama mwanamke. Mama hakwenda kumlaki. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati na ule mtungi wa manjano, maji mapya, gunzi lile lile. Kyalo akaweka begi chini, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Akanywa cha kwanza. Akanyoosha kikombe, mama akajaza. Akanyoosha tena, akajaza tena. Safari hii hakuziba.