Nilijifunza Kiingereza ili mjukuu alale kwangu, nikaishia kumwambia mama yake kwamba huku kuna mbu

Wakuu, amani kwenu. Nyuzi za humu nimezisoma siku nyingi bila kuchangia hata neno. Leo naleta yangu, na chumvi sitaongeza, iliyomo inatosha.

Mimi ni dalali wa ng'ombe soko la Ogwedhi, huku Migori, karibu na mpaka wa Narok. Miaka ni sitini na kitu. Kiswahili nilikipata hapo sokoni, maana Mjaluo, Mkuria na Mmaasai wakikutana juu ya fahali mmoja lazima wapate lugha ya kugombania. Kiingereza hapana. Shule niliiacha mapema tukaendelea na maisha, kila mtu kivyake.

Mke wangu alifariki. Watoto wametawanyika.

Siku ya soko naongea mpaka koo linakauka. Siku zingine jua linachomoza na kutua nikiwa nimemsalimia mbwa peke yake. Nisiwadanganye, upweke ni kitu kibaya. Unasonga ugali wa mtu mmoja, na huo ugali hauwi mtamu hata ufanyeje.

Binti yangu Akinyi anaishi Canada. Ana msichana mmoja, Atieno, amepewa jina la marehemu mke wangu. Kwa video call mtoto ananiangalia, na mimi namwangalia. Nasema "How are you," anajibu "I'm fine, Grandpa," na hapo maneno yanaisha. Kijaluo hajui, Kiswahili hajui. Tunabaki kupungiana mikono mpaka mama yake achukue simu.

Basi Akinyi akasema Agosti wanakuja, yeye na mtoto, mume atabaki kazini. Nikajiambia huyu mtoto lazima alale kwangu, na lazima tuongee. Hicho tu ndicho nilikitaka, wakuu. Sikutaka zawadi wala viatu.

Nikamtafuta Madam Nekesa. Ni mwalimu wa primary, mtu wa Bungoma, amepanga nyumba kwa jirani yangu. Tukapatana: yeye atapata maziwa ya jioni, mimi nitapata Kiingereza.

Siku ya kwanza akaniuliza, "Mzee, unataka kufanya nini na huyo mtoto?"

Nikasema kukaa naye.

"Haya. To sit. Hapo umetaja kitendo chenyewe. Sasa sema utakaa na nani, na wapi."

To sit with you. To sit with you in the kitchen. Nikasema kumbe ni hivyo tu!

Kwa wale waliolala darasani kama mimi: hiyo "to" na kitenzi chake ni kama ku- yetu, kukaa, kula, kwenda. Wanaiita infinitive. Nyuma yake unafunga kikundi kidogo cha maneno kinachoanza na with, in, at, from na ndugu zao, kinachoeleza na nani, wapi, lini. Hicho wanakiita prepositional phrase. Na ukitaka unafunga kingine nyuma ya kingine. To walk with you to the river in the morning. Kitenzi kinatangulia, wengine wanafuata mmoja mmoja.

Tuligombana mara moja. Nilimwambia, "Madam, to go to the market, hizi to mbili ni za nini? Mnaniuzia kitu kimoja mara mbili?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Angalia kinachofuata, Mzee. Ya kwanza inafuatwa na kitendo. Ya pili inafuatwa na mahali, ama mtu."

Nikaangalia. Go ni kitendo, the market ni mahali. Nikakubali yaishe.

Kilichonisumbua zaidi ni vile vitenzi vyenye mwenzi wa kudumu. Kwa Kiswahili ninamsubiri mtu, mambo yamekwisha. Kwa Kiingereza lazima uingize for: to wait for you. Kusikiliza lazima uingize to: to listen to you. Nikauliza sababu, Madam akasema hakuna sababu, ni mazoea.

Nikafanya mazoezi na ng'ombe. Asubuhi nikiwafungulia, to go to the grass. Mtoni, to drink from the river. Majirani wakaanza kusema mzee sasa anachunga kwa Kizungu. Niliwaacha waseme.

Sasa ngoja niwaeleze kidogo kuhusu kazi yetu, la sivyo hamtaelewa ujinga uliofuata.

Dalali haonyeshi kwamba anataka. Ukimpenda ng'ombe, unampita. Unaenda kushika mkia wa mwingine ambaye huna haja naye. Unarudi polepole, unamfungua yule wako mdomo, unaangalia meno, unaguna. Unauliza huu mguu vipi, hizi mbavu vipi. Mwenyewe akitaja bei unasema "sawa tu, si lazima," na unaanza kuondoka ili akuite. Anayesema "nataka" kwanza ndiye anayeumia. Nimeishi hivyo tangu ujana na imeniingia mpaka mifupani.

Akinyi akapiga simu. Akasema, "Baba, nilikuwa nafikiria tulale hoteli Homa Bay, mtoto aone ziwa, aogelee kidogo. Halafu tuje kwako siku moja kabla ya kusafiri. Wewe unaonaje?"

Moyo ulikataa. Mdomo ukasema, "Sawa tu. Si lazima mlale huku. Huku kuna mbu."

Nilikuwa nangoja aniite. Aseme, hapana Baba, tunalala kwako. Si ndivyo inavyokwenda? Unarudi nyuma hatua moja, mwenzako anasogea.

Akinyi akasema, "Haya, asante kwa kuelewa, Baba."

Na simu ikakatika.

Bado sikukata tamaa, nilijua wakifika watabadilisha mawazo wenyewe. Nikanunua godoro jipya na neti. Nikapaka chumba rangi kwa mikono yangu. Madam alipoliona lile godoro akauliza la nani, nikamjibu la mgeni yeyote tu.

Walifika asubuhi, siku moja kabla ya ndege yao. Atieno ni mrefu, na akitabasamu ni marehemu mtupu. Ilibidi nijifanye naangalia tairi za gari.

Nikasema, "I am happy to sit with you."

Mtoto akapiga kelele, "Grandpa, you speak English!"

Tulikaa jikoni. Tulienda kwa ng'ombe, nikamwonyesha vile meno yanavyosema umri. Alicheka, aliuliza, nilijibu nilichoweza. Mengine sikuyaelewa, nikatikisa kichwa tu. Sijafurahi hivyo tangu mke wangu aondoke duniani, na naandika hivyo bila aibu.

Alasiri Akinyi akafungua mlango wa kile chumba. Akaona rangi, akaona godoro na neti.

"Baba, umetengeneza? Ni kizuri sana."

Wakuu, hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Aah, ni kachumba tu. Kadogo. Jua likiwaka panakuwa na joto. Nyinyi mmezoea kuzuri."

Nilianza kutaja kasoro za nyumba yangu mwenyewe! Akinyi alishika neti kidogo, halafu akarudishia mlango polepole.

Dereva akawasha gari. Mizigo yao yote ilikuwa Homa Bay. Mtoto akaingia nyuma, akateremsha kioo ili aniage. Nikashika mlango wa gari, na maneno yakatoka bila kupangwa:

"Atieno. I want to wait for you in this house. I want you to sleep in this house. I want to eat with you in the morning. I want."

Nimejiuliza baadaye niliwezaje kutamka "nataka" mara nne. Nafikiri kwa Kijaluo nisingeweza, kwa sababu hiyo ndiyo lugha niliyozoea kujificha ndani yake. Kwa Kiswahili ndiyo kabisa, Kiswahili changu chote ni cha soko. Lakini kwa Kiingereza sijawahi kununua ng'ombe hata mmoja.

Mtoto akamgeukia mama yake, ameshangaa. "But Mum, you said Grandpa likes to be by himself."

Nilielewa kila neno, ati babu anapenda kukaa peke yake. Likes. To be. By himself. Miezi ile yote ya Madam, na sentensi ndefu ya kwanza kuielewa bila msaada ikawa hiyo.

Akinyi alishuka garini. Alikuwa analia. Akaniambia kwa Kijaluo, "Baba, kila nikikuuliza unasema si lazima. Nilidhani tunakusumbua. Nimemwambia mtoto hivyo ili asione kwamba humpendi."

Ndege ilikuwa kesho yake. Dereva alizima gari, tukarudi ndani sote watatu, wakakaa kidogo juu ya lile godoro na mimi nikakaa nao. Atieno alinishika mkono. Kabla giza halijaingia wakaondoka.

Sasa tunapigiana simu na mtoto, na maneno hayaishi haraka kama zamani. Nashukuru kwa hilo. Lakini kupiga simu na kulala nyumba moja ni vitu viwili, na hakuna aliyesema lini watakuja tena.

Nilichojifunza ni hiki. Ng'ombe akinipita leo, soko lijalo wataletwa wengine. Damu yako haiji sokoni kila wiki. Kama unataka watoto wako, waambie unawataka, useme wa kwanza, na uumie kama ni kuumia.

Wazee wenzangu, najua hamjaniuliza, lakini jibuni: mmewahi kumwambia mtoto wenu "nataka uje"? Na nyinyi mlio mbali, mzazi akiwaambia msijisumbue, huwa mnamwamini?

Andikeni hata kama ni ya kunisema. Nipo, nitasoma zote, muda ninao mwingi.